Geji ya Dizeli na Mwavuli wa Bibi

Ukoo wetu na ukoo wa Bibi, jirani yetu hapa Bagamoyo, ni watani. Kwa asiyejua mambo yetu: mtani ana ruhusa. Anaweza kukutukana mbele ya wakweo. Msibani ndiyo kabisa, atabeba sufuria jikoni, atalala mbele ya jeneza, na hakuna wa kumkasirikia. Anapewa kitu, anaondoka. Mimi shuleni huchapwa kwa robo ya hayo. Kwa hiyo msiba wa watani, Mungu anisamehe, kwangu ni sikukuu.

Basi asubuhi moja ya likizo ikaja habari kwamba kaka yake Bibi amefariki huko Mkange, na atazikwa baada ya Alasiri. Mama akaniambia, "Nenda nao, ukawe mtani wao njiani. Na uvue hiyo suruali ya bugaluu." Nilikwenda. Bugaluu sikuivua.

Tulikaa watatu kwenye kiti cha mbele cha pikapu. Mtoto wa Bibi, ambaye namwita mjomba kwa adabu ya mtaa tu, alikuwa kwenye usukani. Bibi alikaa dirishani, mwavuli wake mweusi mapajani. Mimi nikabanwa katikati, gia kati ya magoti, kila akibadilisha naomba dua.

Pikapu yenyewe ni ya dizeli, kuukuu, lakini ina kitu ambacho mjomba anakipenda kuliko mkewe: geji. Aliifunga mwenyewe. Ni kama kijisaa, kimeunganishwa na bomba jembamba linalotoka kwenye injini, kinaonyesha presha ya dizeli inayovutwa kutoka tangini. Kwenye kioo chake ametia alama kwa rangi nyekundu ya kucha ya mkewe. Mshale ukikaa kwenye wekundu ule, mjomba anaimba. Ukishuka kidogo tu, ananyamaza.

Bibi hakuwa akisema lolote isipokuwa jambo moja, na alilisema mara mbili kabla hatujatoka mjini. "Nimwone uso tu. Akishatolewa mlangoni ndiyo basi, sisi wanawake hatufiki makaburini."



Kabla ya Msata ikaanza harufu. Nyuma tulikuwa na gunia la mchele wa matanga, na mdomo wa tangi uko ubavuni hapo hapo. Kifuniko kilikuwa kimelegea, kila shimo la barabara kinatema dizeli kuelekea guniani.

"Wali wa matanga unuke gereji?" Bibi akasema. "Na huyu mtani hapa, si atatusema mpaka kiama!"

"Mtani, teremka ukizibe," mjomba akaniagiza.

Nikachukua mche wa sabuni kwenye vitu vya msibani, nikaukanda kwa maji mpaka ukawa kama donge la chapati, nikakandika kifuniko chote. Juu yake palikuwa na kitundu kidogo kama cha sindano, nacho nikakishindilia. Nikafunika kwa nailoni, nikakaza kwa ukanda wa mpira wa baiskeli. Nilifanya kazi ile kwa moyo safi, na naomba mlikumbuke hilo.

Tukaipita Msata, mwendo mzuri, harufu hakuna. Halafu mjomba akanyamaza. Nikatazama geji: mshale umeacha wekundu, unateremka taratibu kama mtu anayesinzia. Gari likakohoa, likapungua nguvu kwenye kimlima, likazima.

Wote wawili wakanigeukia mimi.

"Mtani," Bibi akasema, "umeanza."

Wallahi sikuwa nimefanya kitu. Lakini hebu fikirieni: nimepewa sifa ambayo sikuitafuta. Nikakunja mikono. "Gari la msiba halipiti bure, Bibi. Nimelifunga. Toeni kitu."

Bibi akacheka. Kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, alicheka mpaka akafuta machozi kwa ncha ya kanga, na yale machozi sijui yalikuwa ya kicheko pekee. "Mbwa wewe! Ndugu yangu hajaoza unataka kula!"

"Nile nini hapo, mifupa mitupu?"

Tukavutana kwa utani hivyo muda mrefu, mpaka Bibi akanikabidhi mwavuli wake, ule asiowaazima hata wanawe. Mjomba akawasha. Gari likawaka! Mshale ukapanda mpaka kwenye rangi ya kucha. Mimi mwenyewe nilishtuka, nikajikuta naitazama mikono yangu.

Mwendo kama wa nusu saa, mshale ukaanza tena kusinzia. Gari likazima katikati ya pori, adhuhuri imeshapita, jua kali.

"Hujashiba tu?" Bibi akauliza. Safari hii hakucheka.

"Bibi, sasa si mimi. Na mara ile haikuwa mimi."

"Ndivyo mtani asemavyo," mjomba akajibu. Akateremka, akakaa kwenye kivuli cha gari, akawasha sigara.

"Mjomba, fungua boneti."

"Nifungue ya nini? Fundi wewe. Ulilifunga, likafunguka. Lifungue tena."

Nikaapa. Nikaapa kwa Mungu, kwa mama, kwa matokeo yangu ya mtihani. Hilo la mwisho likaharibu kabisa. Kila nilivyozidi kusema kweli ndivyo nilivyozidi kuwa mtani.

Bibi akateremka, akaja kunishika mkono kwa mikono miwili. "Mwanangu. Nimeshacheka. Alinibeba mgongoni yule, nilipokuwa mdogo. Nimwone uso tu."

Nadhani hapo ndipo nilipojua kwamba mzaha una mlango wa kuingilia, na wa kutokea sikuwa nimeutafuta. Nikauchukua mwavuli, nikamrudishia mkononi.

Mtani harudishi kitu alichopewa. Wa kufanya hivyo hajatokea. Mjomba alipoona vile, sigara ikamdondoka. "Kumbe gari limeharibika kweli!" Akakimbilia spana.

"Kwanza tujue," akasema, "geji inasema uongo au kweli." Akafungua lile bomba jembamba, akaniambia nisukume pampu ya mkono. Dizeli ikatoka matone mawili, matatu, basi. "Kweli tupu. Mafuta hayaji." Akafungua filta: safi. Akachomoa mpira unaotoka tangini, akautia mdomoni anyonye. Akautoa haraka. "Unanivuta ulimi!"

"Labda tangi tupu," nikasema, nikaenda kufungua kifuniko nichungulie. Nikafungua mpira wa baiskeli, nailoni, sabuni. Nilipozungusha kifuniko, tangi likavuta pumzi. Hyuuuu, ndefu, kama mtu aliyezamishwa na kuachiwa. Mara nikasikia mjomba anatukana: dizeli imemmwagikia kifuani kutoka kwenye ule mpira.

Akaja anatiririka. Akakitwaa kifuniko, akakitazama juu, akang'oa sabuni kwa ukucha.

"Kopo la maziwa, ukitaka yatoke, unatoboa matundu mangapi?"

"Mawili."

"Kwa nini?"

"Moja la maziwa, moja la hewa." Nikasikia masikio yanawaka. Ndiyo maana gari lilikuwa likiwaka baada ya kupumzika: tulipokuwa tukitaniana, hewa ilikuwa ikijipenyeza yenyewe kwenye sabuni.

"Nani kaziba tundu hili?"

"Mimi."

"Kwa utani?"

"Kwa heshima."

Mjomba akamtazama mama yake, mama yake akatazama porini, mabega yakimtikisika. Nilipokuwa nadanganya kwamba ni mimi, nilikuwa nasema kweli. Nilipoapa kwamba si mimi, niliapa uongo.

Tukatoa upepo kwenye mabomba, geji ikapanda, tukaenda mbio kifuniko kikitema dizeli kitakavyo.

Mkange tulifika Alasiri imeshaswaliwa. Jeneza liko ukumbini, wanaume wamekwishalishika, na kizingitini amelala mwanamke mmoja mnene wa ukoo wetu, mtani, amejinyoosha mlango mzima. "Halitoki!" anapiga kelele. "Mpaka dada mtu aje, na aje na kitu!" Walikuwa wamembembeleza muda mrefu, wamempa kuku na kanga, kakataa.

Bibi akamruka. Wakamfungulia sanda usoni. Mimi nilibaki nje, sikuona. Nilisikia tu anamwita kakake kwa jina la utotoni, pole pole, kama anayemwamsha.

Jeneza lilipoondoka alisimama uani juani, mwavuli umefungwa. Akaninyooshea. "Shika. Ni haki yako."

"Bibi, mimi ndiye niliyekuchelewesha."

"Na yule wa mlangoni ndiye aliyenizuilia jeneza. Nyote ukoo mmoja wa wendawazimu."

Nikaufungua, nikaushika juu yake mpaka wanaume waliporudi kutoka makaburini.

Wali, kweli, ulinuka gereji. Nilikula sahani tatu na nikalisema hilo kwa sauti, mbele ya wageni wote, na Bibi akanirushia mwiko.