Mashine ya Kutengeneza Vitu vya Kuvunja

Niliambiwa nichague mashine, kisha nikaambiwa nichague ipi. Sikuwahi kupenda kazi ya namna hiyo, na siipendi mpaka leo.

Ilikuwa miaka ya foleni za sukari, ukionekana na mche wa sabuni unasimamishwa njiani uulizwe umeupata wapi. Nilikuwa fundi mpimaji katika karakana ya plastiki pale Kibaha, mwanamke peke yangu katika idara. Tulitengeneza ndoo. Plastiki mpya ilikuwa adimu, kwa hiyo tulisaga ndoo mbovu na viatu vya plastiki vilivyokatika, tukachanganya na chembe mpya kidogo. Kidogo kiasi gani? Kila zamu na kiasi chake. Hakuna aliyejua mchanganyiko upi unafaa, ila waliojifanya wanajua walikuwa wengi.

Nilichojua mimi ni kilichotokea kwetu Marui, huko Kisarawe. Dada yangu alikuwa amejifungua, na shangazi ndiye aliyekuwa akimkanda. Mzazi hukandwa kwa maji ya moto kwelikweli, si ya vuguvugu. Asubuhi moja shangazi aliinua ndoo iliyotoka karakana yetu, kitako kikaachia, maji yote yakamshukia miguuni. Nilipokwenda kumjulia hali nilimkuta amelala, miguu yote miwili imepakwa asali. Nikamwamkia.

"Marahaba," akasema. "Hivi nyie mnaozitengeneza hizi ndoo, na nyie mnazitumia?"

Nilirudi Kibaha na hasira, na hasira hiyo sijaiombea radhi kwa mtu yeyote.

Basi zilipopatikana fedha za kigeni za kuagiza mashine ndogo ya mezani, nilitaka moja tu: ya mkono. Unatia konzi moja ya chembe kwenye silinda, koili ya umeme inaziyeyusha, unashusha wenzo, plastiki inasukumwa kwenye kalibu. Kinachotoka ni kipande bapa, chembamba katikati, kipana huku na huku. Unakining'iniza, unakifungia mawe ya mizani mpaka kikatike. Mchanganyiko unaokatika upesi hauendi kuwa ndoo. Ni hivyo tu, hakuna uchawi.

Meneja alitaka nyingine, kubwa zaidi, inayokwenda kwa mota, kwa sababu ilikuja na kalibu ya vitana. Aliiweka picha yake mezani mbele ya kamati ya wafanyakazi, akaigongagonga kwa kidole.

"Ndugu zangu, nchi nzima haina vitana. Huyu ndugu yetu anataka tuagize mashine ya kutengeneza vitu vya kuvunja!"

Wakacheka. Hata mimi ningecheka, kama si miguu ya shangazi. Nikawaambia mashine yake inameza mchanganyiko mwingi kwa jaribio moja tu, na ikishaanza kutoa vitana haitapumzishwa hata siku moja ili mimi nipime. Mwenyekiti wa kamati, mtu mzima aliyeheshimika, akasema mkono wa mwanamke unachoka: leo nitashusha wenzo kwa nguvu, kesho kwa ulegevu, na vipande havitalingana. Hoja ilikuwa nzuri, ukiondoa huyo mwanamke.

"Mzee wangu," nikamjibu, "wenzo nitauning'inizia jiwe lile lile kila mara. Jiwe halichoki, wala si mwanamke."

Mjumbe mwingine akauliza kwa nini nisijaribu ndoo zenyewe kwa maji ya moto, yakaisha. Nikamwambia ndoo inaweza kustahimili leo ikaachia mwezi ujao. Na hata ikiachia hapa, nyingine za zamu ile zimeshapanda lori.

Meneja alikuwa amechoka kunisikiliza. Akanitaka nitamke mbele ya kamati kwamba mimi fundi nimekubali mashine ya vitana, mkutano ufungwe. Nikainuka, nikatoka bila kuaga.

Jikoni maji ya chai ya saa nne yalikuwa yanatokota. Nilichukua ndoo mpya stoo, nikaiweka kwenye kigoda pembeni ya kiti cha meneja, kisha nikaleta sufuria lile na kuyamimina maji yote ndani ya ndoo. Mvuke ukawapanda usoni.

"Hii ni ya zamu ya leo," nikasema. "Huenda ni nzima. Anayetaka vitana aishike kwa mpini, aipitishe juu ya mapaja yake, ampe jirani."

Meneja alivuta kiti nyuma.

"Ndugu, usitutishe. Kamwage hayo maji."

"Simwagi. Ndoo imetengenezwa ibebwe. Na huko wanakokanda wazazi haibebwi na kamati."

Sikuketi. Niliwatazama mmoja mmoja, na kila niliyemtazama alikuwa anatazama kitako cha ile ndoo. Hakuna aliyenyoosha mkono. Mwishowe mwenyekiti akakohoa.

"Iagizwe ya mkono."

"Mwenyekiti, hatujapiga kura," meneja akasema.

"Basi ibebe wewe."

Meneja akaikunja ile picha, akaitia mfukoni.