Mlango wa Mawe wa Mwenyekiti Laurean

Laurean alikuwa mtu wa Walthamstow, mtaa wa Uingereza, na hakuwa mtu wa kwingine. Miaka ishirini alitoka nyumbani kwenda hospitali, akasukuma vitanda vya wagonjwa hadi chumba cha upasuaji, akarudi kupitia sokoni, akanunua ndizi mbichi dukani kwa Bhanu, akalala. Lakini kijijini kwao Kamachumu walijua mengine. Kule walijua kwamba Ta Laurean, kama walivyomwita kwa heshima, yuko “upande wa upasuaji”, na kwamba kila Agosti huenda Durdle Door, mlango wa mawe uliotobolewa na bahari, akaogelea chini yake pamoja na Waingereza wenzake. Hayo yote aliyaandika mwenyewe kwenye barua. Mlango aliutoa kwenye kalenda ya ukutani, ukurasa wa mwezi wa nane.

Njia ya mwongo ni fupi, wanasema. Ya Laurean ilipitia posta, ndiyo maana ilichelewa kuisha. Ilianza kuisha siku dada yake mkubwa Sesilia, mwalimu mstaafu, alipotua Heathrow na visa ya wiki tatu, kopo la senene, wale panzi wa kukaanga, na ombi moja.

“Majumba ya malkia sina haja nayo,” alisema hata chai hajaigusa. “Nipeleke kwenye mlango wako. Mama amekufa hajauona, na mimi ndiye niliyekuwa nikimsomea barua zako. Nilimwahidi.”

“Hilo tu, dada?” Laurean akacheka. Nisimwonee bure: aliona aibu kweli. Atamwambia nini? Kwamba mama yao kashuka kaburini na hadithi ya kalenda?

Basi akafanya wanachofanya wanaume wa aina yake wakibanwa: akaitisha kikao. Alikuwa mwenyekiti wa jumuiya ya watu wa kwao, na katika kundi la watu arobaini, alijiambia, nani atamgundua asiyejua njia? Kikao kikapitisha safari ya Durdle Door, likakodiwa basi la bei poa, viti vyake havilali na choo chake kimefungwa kwa kufuli. Dereva alikuwa Balbir, Singasinga mzaliwa wa Mwanza, na masharti yake aliyasema kabla ya kuwasha injini.

“Saa nane tunafika, saa kumi kamili naondoka. Sheria ya saa za dereva, drivers' hours, hiyo, Mwenyekiti. Simngoji mtu, hata wewe.”

Mwenyekiti alivaa suti ya vipande vitatu na viatu vya ncha. Sesilia alivaa raba.

Walipofika, mlango haukuwapo. Palikuwa na uwanja wa kuegesha magari juu ya mlima, nyasi, gari la aiskrimu, na bahari huko chini kabisa. Kwenye kalenda mlango ulijaa ukurasa mzima, na katika miaka yote ile haikumpitia Laurean akilini kwamba kuna kuuendea kwa miguu. Sasa hakujua hata uko kushoto au kulia.

“Uko wapi?” Sesilia akauliza.

“Tulia, dada. Kuna ratiba.”

Na ratiba ilikuwapo. Sisi bwana, hata tukienda kuangalia jiwe, lazima jiwe lisubiri utambulisho. Ilianza sala. Kisha kila mtu akasimama kutaja jina, kijiji alikotoka, kazi yake, na shukrani zake kwa Mwenyekiti. Method, katibu, alijitambulisha kwa dakika tisa kwa watu waliokaa naye kwenye basi tangu asubuhi. Ikafunguliwa sufuria ya ndizi na maharage, wakala, wakaosha mikono, ikasomwa risala. Watoto wakauliza kwa Kiingereza kama kuna kitu chochote cha kuona, wakaambiwa wakae chini wawe na adabu. Laurean alitazama saa yake na kuona raha. Saa tisa na nusu! Bado hotuba yake, bado picha na bango la jumuiya, na Balbir atapiga honi.

Alipoinuka kuhutubia, akaona kiti cha Sesilia ni kitupu.

“Ma Sesilia amefuata wale Wazungu wenye mataulo,” Marcelina, mweka hazina, akamwambia. “Kateremka zamani, tangu Method anajitambulisha.”

Akaenda hadi penye uzio, akaiona njia: nyeupe, ya changarawe, inashuka kama paa la nyumba. Alishuka hatua kumi. Ya kumi na moja ilimkalisha kwenye nyasi, na suruali ya suti ikapata rangi ya pili. Akapanda tena kwa mikono na magoti, akarudi kuwashukuru wapishi. Alishukuru kwa urefu sana, maana hakuwa na jambo lingine la kufanya.

Saa kumi kasoro dakika moja Sesilia akatokea, anahema, upindo wa gauni umelowa. Wengine walikwisha kupiga picha na bango ubavuni mwa basi, wakaingia wakiimba na kusifu safari. Mlango hawakuuona, na sidhani kama waligundua.

Sesilia akakaa kando ya mdogo wake. Basi lilipopiga kona ya pili, Laurean akamwinamia.

“Umeuona?”

“Nimeuona. Mzuri mno.”

“Si kama nilivyoandika?”

“Kama ulivyoandika. Umbo lile lile, rangi ile ile.”

Laurean akashusha pumzi. Akalegeza tai, akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu Heathrow. Akafungua kopo la senene, akamkaribisha dada yake kwanza, kwa ukarimu wa mtu aliyeponea chupuchupu.

Sesilia hakuchukua. Alikuwa akikamua upindo wa gauni lake.

“Mama alinituma kitu kimoja,” alisema. “Kila barua yako ilipokwisha kusomwa aliniuliza, ‘Hajasema kama maji ni ya baridi?’ Namwambia hajasema. Miaka ishirini, Laurean, hajasema. Siku za mwisho akaniambia, ‘Ukifika huko, tia mguu wewe.’”

Akaubana upindo mara nyingine, matone yakadondokea kiatu cha ncha.

“Ni barafu, mdogo wangu. Aliyeingia hata mara moja angeandika hilo kwanza.”