Samaki wa Kopo Niliyemwosha Maji Matatu

Ilikuwa saa saba na dakika kumi mchana mdogo wangu alipoingia jikoni kwangu Kasulu na kuuliza kisu kiko wapi. Alikuwa ametoka Kibondo kuja kumjulia hali mama. Mama alikuwa kwangu tangu aliporuhusiwa kutoka hospitali kule Kabanga, na muda wote huo hakuwahi kumaliza sahani. Nilikuwa nimesoma kila nilichoweza kupata kuhusu chakula cha mtu anayepata nafuu. Nilimchemshia maharage hadi yakalainika kabisa, nikapunguza chumvi, nikaacha mawese. Alikuwa anakula vijiko vichache, anashukuru, kisha anasukuma sahani.

Mdogo wangu hakuwa amesoma chochote. Alikata nyanya, maana kiangazi kile zilikuwa zimejaa sokoni, akakata kitunguu na kukiosha kwa chumvi, halafu tango na parachichi lililoiva. Akatoa mkobani kopo la samaki wa mafuta, akalimimina lote bakulini na kukamulia ndimu. Moto hakuwasha.

"Mgonjwa anataka chakula cha moto," nikamwambia.

"Dada, wewe unapika kama unatunga mtihani. Ngoja tumuulize mtahiniwa."

Mama alikula na kiporo cha ugali wa muhogo, akafuta bakuli kwa tonge la mwisho. Kisha akamuuliza mdogo wangu, bila kunitazama mimi, "Nikienda nawe Kibondo, utanitengenezea hivi?"

"Kila siku, mama."

Jioni ileile mdogo wangu akakata tiketi mbili za basi la keshokutwa.

Mimi ndiye niliyekuwa namwogesha mama na, siku za mwanzo, kumgeuza kitandani. Lakini kilichoniuma zaidi hakikuwa lile bakuli. Kiliniuma kicheko chao pale sebuleni, kicheko cha watu wawili wasiohitaji kuelezana jambo. Mimi mama hunishukuru. Mdogo wangu hucheka naye.

Kesho yake mdogo wangu alikwenda Titye kusalimia wakwe zake. Nikanunua kopo la aina ileile. Nilikata nyanya vipande vinavyolingana, kitunguu chembamba kuliko chake. Nilipofungua kopo, mikono yangu ilifanya ilichozoea kufanya kwa dagaa wa ziwani: nikamwaga samaki kwenye beseni na kuwaosha kwa maji ya vuguvugu, maji matatu. Dagaa wetu huanikwa mchangani, na mwanamke asiyewaosha husemwa kuwa analisha watu mchanga. Maji ya kwanza yaliondoka na mafuta. Ya pili yaliwavunja samaki. Ya tatu yaliniachia kitu kama unga uliolowa. Nikakichanganya hivyohivyo, nikaongeza ndimu.

Mama akaonja, akatafuna polepole.

"Huyu samaki amefanywa nini?"

"Nimemwosha."

"Wa kopo?"

"Maji matatu, mama."

Akaweka kijiko chini. Nilidhani ameshiba kama kawaida, kumbe anacheka. Alicheka hadi akajishika ubavu. "Ulikuwa unatafuta mchanga ndani ya kopo!" Kisha akakiokota kijiko na kuendelea kula, huku akitua kila mara kucheka upya. Nikaanza kucheka na mimi.

Mdogo wangu aliporudi, mama alimsimulia mara mbili, na mara zote mbili alikuwa ameushika mkono wangu.

"Huyu nitamwachaje peke yake?" akasema. "Ataosha mpaka mkate."

"Na tiketi yako je, mama?"

"Weka mkoba wako kwenye kiti changu. Nitakuja nikipona."

Mdogo wangu akacheka, lakini uso wake ulibadilika kidogo. Niliujua uso ule, maana jana yake ulikuwa wangu. Sikumwonea huruma kama ilivyonipasa. Nilimsindikiza stendi alfajiri, nikamwangalia akiweka mkoba kwenye kile kiti kitupu.

Wenye basi walikataa kurudisha nauli ya mama. Mimi mwenyewe nilimlipa mdogo wangu, ingawa hakuomba, na sijawahi kupoteza fedha kwa moyo mweupe kiasi kile: shilingi elfu tisa.