Nani Alichimba Silanga

Atukuzwe Mungu aliyenipa miaka ya kutosha kuyacheka mambo yaliyoniumiza kichwa zamani.

Miaka ya themanini nilifundisha ngumbaru, darasa la watu wazima, katika kanisa letu karibu na Matiliku. Waliokwisha kujua kusoma niliwapa kazi ya kuandika pamoja daftari moja nene la habari za kwetu: miti, dawa, visima, koo. Kila mtu aliruhusiwa kuongeza na kurekebisha. Sheria ilikuwa moja, niliitoa katika Maandiko: neno likibishaniwa, lete mashahidi wawili.

Mwandishi mpya, mwenye duka pale sokoni, akaanza hivi: "Silanga letu lilichimbwa na marehemu baba yangu, peke yake." Silanga ni bwawa la maji ya mvua, hilo letu lilinywesha ng'ombe wa vijiji vitatu.

Mama mmoja wa mwethya, kikundi cha kusaidiana kazi, akaifuta sentensi hiyo. Mwenye duka akaiandika tena. Wakafutiana Jumapili tatu, hata karatasi ikatoboka.

"Mwalimu," mama akaniambia, "mgongo wangu haujanyooka tangu silanga lile. Ikibaki hivi siandiki tena. Wajukuu watasoma kwamba sisi tulikuwa tunapika tu."

Nikamwita mwenye duka kando. Sikumkemea, kwa kuwa wageni wengi wa kazi hii huanza na baba zao. Ukurasa wangu wa kwanza ulikuwa wa babu yangu na simba wawili. Baadaye niliwapunguza wakawa fisi mmoja.

"Una mashahidi?"

"Wa kwanza ni mamangu mwenyewe!"

Jumapili iliyofuata bibi kizee akaja na fimbo yake. Nikamsomea.

"Nani? Peke yake?"

"Mwaitu, sema ukweli tu," mwanawe akamhimiza, kama Mkamba amwitavyo mama yake.

"Nausema. Tulichimba mimi na huyu," akamwonyesha yule mama, "na wenzetu, na wewe uko mgongoni unalia. Baba yako alikuja siku ya mwisho kutuonyesha mahali pa kuchimba."

Kanisa zima likacheka. Mwenye duka akafuta jasho, akanigeukia.

"Hao ni mashahidi wawili, mwalimu?"

"Ni wawili."

Tukabandika karatasi mpya kwa uji mzito. Akaandika majina ya akina mama wote, mama yake akimtajia, yule mwingine akimchungulia begani. Alipomaliza akauliza kwa unyenyekevu, "Naweza kuongeza kwamba nami nilikuwepo?"

"Ongeza," yule mama akasema. "Na uandike kwamba ulilia."

Akaandika.

Wewe unayesoma, Mungu akupe watu wa kukuambia ukweli mbele ya wenzako, na mkono mwepesi wa kuuandika. Amina.