Taa Iliyovaa Kofia

Mwanamume wa Kibiti anaweza kwenda kuswali Idi na shati lisilopigwa pasi, lakini si na kofia iliyolegea; heri abaki nyumbani na kusingizia homa. Kwa hiyo Mwajabu binti Amri, mfua kofia, anawajua wanaume wa mji huu kuliko wake zao: anajua vichwa vyao. Huzifua kofia, huzitia wanga wa muhogo, kisha huzivisha juu ya kitu chake kile zikaukie. Wafuaji wengine hutumia makopo ya maziwa, na wateja wao hutembea mjini na vichwa vya makopo.

Kitu chenyewe ni tufe la kioo cheupe kama tui, juu ya shina la mti lililochongwa likabanwa kiunoni, kisha likashuka kwa miguu mitatu myembamba. Hakina ua wala nakshi. Aliyekibuni, huko Ulaya miaka ya hamsini, aliondoa kila kilichoweza kuondolewa, akaacha umbo ambalo ukilitazama sana unaona haya, kama umemchungulia mtu. Mwajabu amekipangusa miaka arobaini, na bado kuna asubuhi mkono humsimama.

Ni taa. Baba yake, Mzee Amri, alikuwa mpishi wa mzungu mpima mto, kwenye kambi yenye jenereta upande wa Ngarambe. Mzungu alipoondoka akamwachia. Amri akaja nayo Kibiti akitangaza kwamba ameleta mwezi wa kuweka sebuleni. Umeme haukuwepo. Waliocheka zaidi ni wale waliokwisha kufika Dar es Salaam: taa ya umeme inajulikana, inaning'inia darini kwa waya, haisimami sakafuni kama korongo. Wakamwita Amri Mwezi. Mwisho akachoka, akaivisha kofia yake, na mpaka anazikwa hakuitaja tena. Binti yake naye alicheka. Alikuwa na miaka tisa, na waliocheka walikuwa wengi.

Umeme ulipofika, Mwajabu hakuijaribu. Alisema kioo kitapasuka na riziki yake ipasuke nacho. Hiyo ilikuwa kweli. Kweli nyingine ni kwamba ikigoma, baba atakuwa mwongo mara ya pili. Na ikiwaka, je?

Mwaka huu, siku mbili kabla ya Idi, mpangaji wake Wenceslaus, mwalimu wa fizikia, aliinama akachungulia chini ya tufe.

"Mama, hii ni taa."

"Mji mzima unajua, Mwalimu. Ndiyo maana hatuisemi."

"Nitaibadilishia waya. Na balbu za siku hizi hazichemki, kioo hakitapasuka."

Sababu iliyomlinda miaka yote ikaondoka kwa sentensi moja.

Kesho yake alasiri waya ulikuwa tayari, Sadala alipokuja kuchukua kofia yake, iliyokaukia palepale juu ya tufe. Katika watu wazima waliomcheka Amri, ndiye pekee aliyebaki hai.

"Hodi, Binti Mwezi! Kichwa changu tayari?"

"Karibu, kaa. Mwalimu, funga dirisha."

"Unanifungia ndani? Mke wangu atasemaje?"

"Atashukuru. Washa, Mwalimu."

"Nitoe kofia kwanza?"

"Iache." Aliogopa kuguswa kwa chochote.

Ikawaka. Kofia ya Sadala ina vitobo zaidi ya elfu, kila kimoja kimezungushiwa uzi kwa mkono, na kila kimoja kikatoa nyota yake. Zikatapakaa ukutani, kwenye bati, kwenye kanzu ya Sadala, usoni mwa mwalimu. Nje watu waliendelea kuuziana ufuta kama kawaida, jambo lililoonekana kuwa utovu wa adabu.

Mwajabu akaivua kofia kwa vidole viwili. Nyota zikazimika, chumba kikajaa mwanga mweupe, mzito, usiotikisika. Mzee Amri hakuwa ametia chumvi. Kama alikosea, alipunguza.

Sadala alisahau kunyoosha mkono apokee kofia.

"Tulimcheka muda gani?" akauliza.

"Mpaka akanyamaza."

"Basi nisimulie. Alikuwa akisemaje? Tangu mwanzo."

Mwajabu akaketi mkekani, akaanza. Aliikumbuka kambi, jenereta, mzungu akibonyeza swichi. Kisha akakwama. Hapo ndipo watu walipokuwa wakianza kucheka, naye akiwa kati yao, na hadithi haikuwahi kufika mbele ya hapo.