Konokono Mwenye Jina Langu

Kile kiwanja nilikinunua kwa kuupenda upepo wake. Kiko Bunju, upande wa kushukia baharini, matumbawe matupu, na kila mnunuzi aliyepelekwa pale alikitazama akageuza gari. Mie sikugeuza. Mtu aliyeanza maisha kwa kupasua kokoto Kunduchi kwa nyundo ya mkono, darasa la nne akaliacha mwenyewe bila kufukuzwa, hatishwi na jiwe. Jiwe nimeligeuza duka la vifaa vya ujenzi, likawa Fuso, likawa nyumba za kupangisha Tegeta, likasomesha watoto mpaka wakaanza kunisahihisha ninavyoongea. Nayasema haya kwa sababu ni kweli, na kwa sababu sijasikia mtu mwingine akiyasema.

Ila nilikuwa nimechoka. Vumbi la jiwe likishaingia kifuani halitoki, na asubuhi magoti yangu yanaamka kabla yangu. Nikataka nyumba ya mwisho, ya ghorofa, juu kabisa ya ule mwamba wa kiwanjani, niketi barazani nipigwe na upepo, asije mtu kuniuliza bei ya nondo. Ramani ilikuwa tayari na katapila lilishaagizwa. Kilichobaki ni kuuvunja mwamba tupate tambarare, na ndani ya mwamba kulikuwa na pango.

Lenyewe si pango la kutisha. Unaingia umeinama, ndani unasimama wima, kuna popo na harufu yao, na ukuta wa nyuma una unyevu hata wakati wa kiangazi.

Siku moja akaja mwanamke mwenye ndoo, chekecheo na taa ya kufunga kichwani. Alikuwa anafundisha chuo, umri kama wa binti yangu mkubwa. Akanipa shikamoo, salamu ambayo siku hizi inanishukia magotini, kisha akaomba udongo wa sakafu ya pango atafutie konokono. Nikacheka. Nikamwambia konokono wamejaa kwenye mchicha wa mke wangu, achukue bure, hata ndoo ajaze. Akasema hao anawafahamu.

Nilimwachia, maana udongo wa popo hauna kazi kwenye ujenzi. Lakini nilikaa nikamwangalia, na mie kazi naijua nikiiona. Alichekecha, akaanika kwenye sinia, halafu akainama na lenzi yake na brashi ya rangi iliyoloweshwa ncha, akiokota kitu kimoja kimoja ambacho mimi nilikiona ni mchanga. Jua lilimzungukia kutoka bega hili mpaka bega lile, hakuinua shingo. Vibarua wangu wangekuwa hivyo, leo ningekuwa na ghorofa Posta.

Aliporudi tena alikuja na picha kwenye kompyuta. Kitu kile kidogo kuliko punje ya mchele, kwenye picha kilikuwa gamba jeupe linalopitisha mwanga, limesokotwa kama kamba, na mdomo wake una meno. Meno kabisa. Akasema huyu hajaandikwa popote duniani. Nikamuuliza kuandikwa ndiyo nini, akanieleza kwa utulivu: unampima gamba, unahesabu misokoto yake, unachora meno yake, unamlinganisha na ndugu zake waliohifadhiwa kwenye makumbusho ya nje, halafu unamtangaza kwa maandishi ili wenzako wakikuona umekosea wakupinge. Mpaka hapo, hata kama anatembea, kwa wataalamu bado hayupo.

Akanipeleka ndani kwenye ule ukuta wenye unyevu, akanishikisha lenzi. Nikamwona mmoja mzima anatambaa, mwili wake hauna rangi yoyote. Akaniambia wa kundi hili hawali majani, wanakula konokono wenzao. Hapo nikampenda. Mdogo hivyo, yuko gizani, hana wa kumsaidia, na bado anakula nyama.

Nikamuuliza jina anatoa nani. Akasema anayeandika, na anaweza kutoa la mahali, la umbo, au la mtu.

"Basi mpe langu," nikamwambia. "Kiwanja changu, pango langu, na popo wangu pia."

Alicheka, hakukataa. Tulipotoka nje akaziona kamba ambazo fundi wangu alikuwa amezivuta juu ya mwamba, akauliza za nini. Nikamweleza kuhusu nyumba. Akawa anakung'uta chekecheo lake ambalo halikuwa na kitu.

"Mzee, nimeshaingia mapango ya Mbweni na ya Boko, sijampata," akasema. "Kwa ninavyojua mpaka leo, kwao ni hapa tu. Mimi siwezi kukuzuia. Ila jina nikishaliandika halifutiki. Hata yeye akiisha, jina litabaki."

Niwe mkweli, mwanzoni niliona ni habari njema.

Nyumbani nilimsimulia mke wangu huku akichagua mchele. Yeye ni mtu wa pwani hii hii, wazee wake wamezikwa hapa hapa, na mimi ni wa kuja, wa bara. Kwao mtoto akipewa jina lako anakuwa somo yako: nguo ya sikukuu unamnunulia wewe, akiugua unakwenda wewe, na akikosewa unaulizwa wewe.

"Kwa hiyo umepata somo," akasema. "Hongera. Na zawadi yako ya kwanza ni katapila."

"Ni konokono, mama watoto."

"Na jina? Nalo la konokono?"

Nikajitetea kwa upepo wa juu, kwa baraza, na kwa miaka yote niliyovunjika mgongo. Alipepeta ungo wake taratibu. Akasema upepo hata chini upo, na tena angependa kujua hizo ngazi za ghorofa atazipanda nani, maana mwanamume aliyemwona akiingia jioni ile alishika ukuta kwenye kizingiti tu.

Hilo ndilo lililoniuma. Sikula vizuri.

Asubuhi nikapanda juu ya mwamba mwenyewe, nikafika nahema. Nikakaa pale kwenye kamba. Kila nilichonacho nimekipata kwa kuvunja jiwe, na hakuna hata kimoja kinachoitwa jina langu. Nyumba za Tegeta zinajulikana kwa jina la mpangaji mwenye saluni. Fuso lina maneno aliyoyachagua dereva. Watoto wana maisha yao. Nikawaza nitakavyokaa barazani nikiulizwa huyu mwenye jina lako anaishi wapi, nami nioneshe sakafu. Na zaidi ya yote nikajisikia sina hamu ya kusikia tena lile jiwe linapasuka. Kifua kimeshasikia ya kutosha.

Nikampigia fundi nikamwambia katapila lisije, kamba azishushe bondeni, nyumba iwe ya chini. Ni mtu wangu tangu enzi za nyundo, ulimi hauogopi.

"Bosi, watu wanahamishwa na serikali," akasema. "Wewe unahamishwa na konokono?"

Kufikia mchana vibarua wote walikuwa wananiita Baba Konokono. Wananiita hivyo mpaka sasa, wakidhani sisikii.

Nyumba imekwisha. Ni ndogo, haina ngazi, na ukuta wa uzio umejipinda kuupisha mwamba hadi wapita njia wanadhani fundi alikuwa amelewa. Yule mwalimu wa chuo aliniletea yale maandishi yakiwa yamechapwa. Lugha yake siijui, ila nilipitisha kidole mpaka nikajikuta, jina langu limewekewa kimkia cha herufi za kigeni mwishoni. Nimelitia fremu. Nani mwingine Bunju analo la hivyo?

Sikukuu ilipofika mke wangu akaniuliza somo yangu nimemnunulia nini. Nikajibu nimemnunulia kiwanja.

Jioni huwa najikongoja mpaka pangoni na miwani yangu na ile lenzi niliyoachiwa. Ukuta ule una unyevu, macho yangu yamechoka, na siku nyingi simwoni. Basi nageuka, naketi mlangoni kwake. Upepo unafika mpaka pale.