Mpiga Pasi Aliyekataa Kusikiliza Mwisho

Saa moja na nusu asubuhi, pasi ya kwanza inashika moto. Katika chumba cha nyuma cha duka la dobi, mwanamke mfupi wa makamo, aproni ya bluu kiunoni, anachomeka kisikilizio cha simu kwenye sikio moja. La pili analiacha wazi, asije akaitwa asisikie. Analowesha kidole, anaigusa pasi. Chiii! Imeitika. Anavuta shati la kwanza na kuanza na kola.

Sikioni mwake, watu mia nane wanasafiri kwenda kwenye nyota.

"Wako njiani miaka sitini sasa," anasema bila kuinua uso. "Wamezaliana humo humo, wamegombana, wamepatana. Lakini niulize mimi: nani anawafulia? Tangu nianze sijasikia hata shati moja limeanikwa. Mwandishi huyu ana akili, sikatai, ila nguo hajawahi kufua."

Kicheko kinatoka upande wa pili, kwenye beseni la sabuni. Hapo ndipo kilipo kituo cha mzee ambaye duka zima linamwita Fundi Madoa. Kazi yake ni kuondoa madoa kabla nguo hazijafika kwenye pasi. Wamefanya kazi pamoja miaka kumi na minne na wanataniana kama mashemeji.

"Hebu Tuseme!" anamwita. "Huko juu vumbi hakuna, nguo zitachafukaje?"

"Na jasho je? Na vitoto vichanga? Nyamaza, baba, hujui kitu."

Hebu Tuseme ndilo jina lake hapa, na limetokana na vitabu vyake. Riwaya za mapenzi hazitaki. Za upelelezi anazivumilia tu. Anazozipenda ni zile zinazoanza na jambo lisilowezekana: hebu tuseme mvua imegoma kushuka, inanyesha kwenda juu, hebu tuseme mtu anaweza kumkodishia jirani usingizi wake.

"Mambo ya kweli ninayo nyumbani," anasema. "Kitabu kinipe nisiyokuwa nayo."

Saa ya mapumziko huwasimulia wenzake alipofikia. Fundi Madoa anadai hahitaji hata kusimuliwa, kwani anaijua sura kwa mwendo wa pasi. "Vita vikianza, mashati yanaruka. Akifa mtu, pasi inakwenda pole pole kama iko mazikoni."

Lakini ukimwona leo ametulia hivi, usidhani mambo yamekuwa shwari siku zote. Mwaka jana wakati kama huu mama huyu alikuwa amebeba siri, na siri yenyewe ilikuwa machoni.

Ilianza na kitabu. Alikuwa akisoma riwaya nene ya mji ambao, jua likifika utosini, vivuli vya watu huwaponyoka na kwenda zao. Mkunga mmoja anaamua kukifuata kivuli chake. Anakifuata vichochoroni, anavuka mto, anafika kwenye lango la soko la vivuli. Zilikuwa zimebaki sura mbili. Hapo ndipo herufi zilipoanza kuyeyuka.

"Nilidhani ni taa mbovu. Nikabadilisha taa. Nikadhani ni kitabu, wino wao hafifu. Nikasogea dirishani. Wapi! Mistari ilikuwa uji mtupu."

Akachomeka kati ya kurasa kile kipande cha karatasi ngumu kinachowekwa ndani ya kola za mashati, akakifunga kitabu. Hakumwambia mtu. Mpiga pasi asiyeona vizuri ni kama dereva asiyeona vizuri: akijulikana, ameachishwa. Na mshahara huo ndio unaolipa chumba anachoishi na binti wa marehemu dada yake.

Miezi ikapita akiendesha kazi kwa mazoea. Kola aliijua kwa kidole, mikunjo ya suruali kwa kiganja. Lililomshinda ni doa, kwa sababu doa halishikiki.

Katika kazi ya dobi kuna sheria ambayo hata mgeni hufundishwa siku ya kwanza: doa kwanza, pasi baadaye. Doa likikutana na moto linang'ang'ania kitambaa, na baada ya hapo hata Fundi Madoa anainua mikono. Siku moja Fundi Madoa akaugua, hakuja kazini. Likaletwa koti jeupe la mteja, lina chai kifuani. Mama akalinyanyua mbele ya dirisha, akalitazama, akalilaza mezani na kulipiga pasi vizuri kabisa.

"Doa nililiona," anasema, akicheka sasa kwa kitu ambacho siku ile kilimliza. "Lakini siku hizo nilikuwa naona ukungu kila mahali. Kwenye ukuta, kwenye sahani, kwenye nyuso za watu. Nikadhani hilo nalo ni la kwangu, la humu jichoni. Nikaweka pasi."

Mteja alikuja juu. Mwenye duka, mwanamke ambaye ulimi wake unaogopwa kuliko pasi zote humo ndani, akamwita ofisini. Mama akasema moyoni liwalo na liwe, akaeleza yote.

Mwenye duka alimsikiliza, akasukuma daftari lake kando. Kisha akapiga kofi mezani. "Kumbe ndiyo maana! Mimi nilidhani mama huyu ana kinyongo na mimi. Ananipita asubuhi hata salamu hanipi!"

Hakumfukuza. Alimhamishia kwenye mashuka, ambayo yalikuwa yakikaguliwa mara mbili na Fundi Madoa kabla ya kumfikia, kisha akampeleka hospitali kwa mkono wake mwenyewe. Daktari akasema ni mtoto wa jicho, macho yote mawili. Katika jicho la kulia ugonjwa ulikuwa umekomaa kiasi kwamba daktari hakuweza kuona nyuma yake kuna nini. Linaweza kupona, linaweza lisipone. "Tutajua tukishalifungua," alisema.

Miezi mitano ya kusubiri zamu ya upasuaji, mama alilala na kuamka na maneno hayo.

Ni binti yule wa dada yake aliyemtilia vitabu vya kusikiliza kwenye simu. Mwanzoni havikumwingia. "Niliona kama mtu ananitafunia chakula," anasema. "Halafu yule msomaji wa kwanza alikuwa na haraka, utadhani ameacha chungu motoni."

Baadaye akawazoea, mpaka akawa na wapenzi wake. Kuna mama mmoja msomaji ambaye huvuta pumzi kidogo kila jambo baya linapokaribia, na mpiga pasi wetu amejifunza kuiinua pasi kabisa akiisikia pumzi hiyo. Kuna riwaya ya mashine inayomlea mzee, mpaka siku mashine yenyewe inapoanza kusahau na mzee anageuka kuwa mlezi wake. Hiyo ilimliza juu ya mashuka. Ile ya mto unaorudisha miaka nyuma, hapana. "Kila mtu akirudishwa utotoni analia tu. Ilinichosha."

Binti alipogundua kuwa hata riwaya ya vivuli imerekodiwa, alikuja mbio. "Mama mdogo, kile kitabu chako kipo! Sura mbili tu, utamaliza leo leo."

Mama akakataa katakata. "Nilikianza kwa macho, nitakimaliza kwa macho. Yasipopona, basi nisijue."

"Nilikasirika," anakumbuka binti. "Nilimwambia, mama mdogo, huu sasa ni ukaidi. Kumbe alikuwa anaogopa. Aliona akisikiliza ule mwisho atakuwa ameshakubali kwamba macho yamekwenda."

Siku ya kufunguliwa bandeji, binti alisimama pembeni akiomba kimya kimya. Muuguzi akakunja kitambaa cha mwisho na kurudi nyuma hatua moja. Mama akapepesa jicho. Akamtazama muuguzi kutoka kichwani hadi miguuni, akakunja uso.

"Mwanangu," akasema, "hiyo sare nani amekupigia pasi? Mbona mkunjo wa kushoto umekwenda pembeni?"

Binti aliangua kilio na kicheko kwa pamoja. Muuguzi akajikagua. Ulikuwa umekwenda pembeni kweli.

Wiki kadhaa baadaye, daktari alipomruhusu kusoma, mama alikaa kitini kwenye mwanga wa dirisha na kukifungua kitabu palipokuwa na ile karatasi ya kola. Mkunga akaingia sokoni. Akakikuta kivuli chake. Akanyoosha mkono kukigusa, halafu akaamka kitandani. Alikuwa anaota.

"Ndoto!" Mama anaweka pasi kwenye kibao chake ili apate mikono yote miwili ya kulalamikia. "Mwaka mzima namngoja huyu mwanamke, roho juu, kumbe amelala! Nikadhani macho yananidanganya. Nikausoma tena. Ndoto vile vile."

"Sasa si ungesikiliza tu?" anachokoza Fundi Madoa.

"Nisikilize upuuzi? Ule mwisho ni mbovu, baba, mbovu kabisa. Lakini nimeuona mwenyewe, neno kwa neno. Niliucheka mpaka nikalia, na daktari alikuwa amenikataza kulia."

Jicho la kushoto litafanyiwa upasuaji baada ya miezi miwili, na safari hii daktari hana wasiwasi. Kuna riwaya ya herufi ndogo ndogo inayomngoja nyumbani, tayari ina ile karatasi ya kola kwenye ukurasa wa kwanza. Vitabu vya kusikiliza havitaachwa, vitabaki kuwa vya kazini. Na kwa wenzake ameahidi kuutunga upya mwisho wa mkunga yule, kila mmoja atoe wake wakati wa mapumziko, wachague ulio bora. Mwenye duka ameshasema wa kwake usipoteuliwa patachimbika.

Shati jingine linafika mezani, jeupe. Kabla ya kulilaza, mama analinyanyua mbele ya dirisha na kulizungusha taratibu. Macho yake yanasimama kwenye kiwiko cha mkono wa shati, penye ukungu mdogo. Anafumba jicho la kushoto, anatazama kwa la kulia peke yake. Kisha anavuka chumba na kulitupa kwenye beseni la Fundi Madoa.

"Shika," anasema. "Hili si la kwangu."